KICHEFUCHEFU CHA SAFARI KWA MBWA

Mbwa anapopandishwa garini kwa mara ya kwanza, aghalabu hujilamba midomo, hupiga miayo, hudondosha udenda, hulia kwa sauti ya chini na hatimaye hutapika. Watoto wa mbwa huathirika zaidi kuliko mbwa wazima. Wenye mbwa wengi hudhani kwamba ni woga mtupu, au kwamba mnyama amekula kitu kibaya. Baadhi yao huchoka kusafisha gari na kuacha kabisa kumpeleka mbwa wao kwa daktari wa mifugo. Uamuzi huo una hatari. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara huua, awe ni mtu au mnyama. Na Shirika la Afya Duniani hushauri kuwa mbwa wasiopungua asilimia 70 wachanjwe ili ugonjwa usiendelee kuenea. Hapana budi basi kujua kichefuchefu hiki hutoka wapi, maana tiba hufuata chanzo.

Sikio na mwendo

Kazi ya sikio si kusikia tu. Katika sikio la ndani, la mbwa kama la binadamu, mna mifereji mitatu iliyopinda mfano wa nusu duara na kujaa maji. Kila mfereji umeelekea upande wake. Kichwa kinapogeuka, mfereji hugeuka nacho, lakini maji huchelewa kwa sababu ya inesha, yaani tabia ya kila kitu kukataa kubadilishwa mwendo wake. Maji hayo yaliyochelewa hupinda vinyweleo vya chembe hai maalumu, nazo hupeleka habari kwenye ubongo. Kando ya mifereji hiyo vimo vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya kalisi kabonati. Hivi hutambua gari linapoongeza kasi, linapofunga breki, au linaporuka juu ya matuta.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili darasani kwa bilauri ya maji iliyonyunyiziwa unga wa mbao. Bilauri ikizungushwa ghafla, unga huonekana kubaki nyuma. Ikisimamishwa ghafla baada ya kuzungushwa kwa muda, unga huendelea kuzunguka.

Mwaka 1882 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alieleza kwamba watu wengi waliozaliwa viziwi au waliopoteza kusikia utotoni hawakuona kizunguzungu walipozungushwa. Mwaka 1956 watafiti Wang na Chinn walithibitisha kwa mbwa wenyewe: mbwa waliokuwa wakitapika walipobembezwa hawakutapika tena baada ya sehemu hiyo ya masikio yote mawili kuharibiwa. Chanzo, basi, si tumbo.

Lakini kwa nini mwendo ulete kutapika? Maelezo yanayokubaliwa na wengi yalitolewa na Reason na Brand mwaka 1975. Ubongo hulinganisha habari za sikio, za macho na za misuli na yale uliyoyazoea. Mbwa aliyelala kwenye sakafu ya gari huona viti vimetulia, huku sikio likisema kwamba mwili unakwenda, unapinda na kurushwa. Habari zikipingana, kichefuchefu hufuata. Kwa vile mazoea yana nafasi kubwa katika ulinganishaji huo, watoto wengi wa mbwa hupona wenyewe kadiri wanavyokua na kuzoea safari.

Ugonjwa wa kujifunza

Wako wasiopona, na sababu mojawapo ni kumbukumbu. Mwanafiziolojia wa Urusi, Ivan Pavlov, alieleza kwamba mbwa waliochomwa sindano za mofini mara kadhaa walianza kutoa mate na kutapika kwa kuona tu matayarisho ya sindano. Ndivyo ilivyo kwa gari. Mbwa aliyetapika katika safari zake za kwanza hujifunza kwamba harufu ya gari ni habari ya mateso. Akiona mlango unafunguliwa, huanza kutokwa na udenda kabla injini haijawashwa. Hapo sikio halina hatia.

Tiba

Mwaka 1947, huko Baltimore, madaktari Gay na Carliner waligundua kwamba dimenhidrineti, dawa waliyokuwa wakiijaribu kwa mzio, ilizuia kichefuchefu cha safari kwa watu. Baadaye ilitumika kwa mbwa pia. Dawa mpya zaidi, maropitanti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007 mahususi kwa mbwa. Hii huzuia kemikali iitwayo sabstansi P, iliyogunduliwa mwaka 1931, isifikie vipokezi vyake katika sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika. Kwa safari hutolewa pamoja na chakula kidogo saa mbili hivi kabla ya kuondoka, kwa mbwa waliotimiza miezi 4. Kipimo chake hutegemea uzito, nacho hupangwa na daktari wa mifugo.

Dawa za binadamu zisitolewe kwa kubahatisha. Ibuprofeni huweza kuharibu tumbo na figo za mbwa, na zailitoli, sukari itiwayo katika baadhi ya vidonge vya kutafuna, humshusha sukari ya damu hadi kumwua.

Hata hivyo, dawa huzuia kutapika, haifuti kumbukumbu. Kumbukumbu hufutwa kwa mafunzo ya polepole. Siku za kwanza mbwa alishwe kitu akipendacho ndani ya gari lililosimama. Kisha injini iwashwe bila kuondoka. Kisha aendeshwe mwendo mfupi hadi mahali pa kuchezea, si kwa daktari peke yake. Akionyesha dalili, mwenye mbwa arudi hatua moja nyuma. Kabla ya safari asishibishwe, ila maji apewe. Afungwe vizuri au awekwe sandukuni, hewa ipite, na dereva apunguze mwendo penye kona. Mbwa asiachwe katika gari lililofungwa juani, maana joto humwua upesi.

Tahadhari

Kichefuchefu cha safari huisha muda mfupi baada ya gari kusimama. Udenda usiokoma nyumbani, kushindwa kumeza na kubadilika tabia ni dalili za jambo jingine, na huenda likawa kichaa. Mbwa wa namna hiyo asiguswe kinywani. Watu wajitenge naye na daktari wa mifugo aarifiwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia. Chanjo ndiyo kinga ya balaa hilo, na mbwa aliyezoezwa gari kwa subira hufikishwa kwenye chanjo bila taabu.