Jicho la Kushoto la Kuku

Mtazame koo anayetembea uani na vifaranga wake. Anachakura, anadonoa, anaita; mara anasimama na kupinda shingo, upande mmoja wa uso ukaelekea ardhini na wa pili juu. Wengi hudhani anasikiliza kitu. Anatazama angani, na mara nyingi jicho analolielekeza huko ni la kushoto.

Kuku wa kienyeji amesingiziwa ujinga kwa muda mrefu mno. Kifaranga akinyakuliwa, mama mtu huambiwa hana akili na mwewe huitwa mwizi, lakini mwenye ua haulizwi neno. Ilhali kuku ana ulinzi wa angani aliojengewa tangu yumo ndani ya yai, na ulinzi huo hushindwa zaidi pale mfugaji anapouondolea nyenzo zake.

Neva za macho ya ndege hupishana karibu zote kabla ya kuingia ubongoni. Anachokiona kuku kwa jicho la kulia hushughulikiwa na upande wa kushoto wa ubongo, na cha jicho la kushoto huenda upande wa kulia. Pande hizo zimegawana kazi. Jicho la kulia ni hodari wa kutofautisha punje na kokoto. La kushoto ndilo la hatari: ni jepesi kushtukia kitu kigeni, hasa kivuli kinachopita juu.

Mgawanyo huo hukamilishwa na mwanga, tena kabla kifaranga hajaanguliwa. Yai la kuku huatamiwa siku 21. Siku za mwisho kifaranga hujikunja ndani ya ganda, kichwa kimegeuka hivi kwamba jicho la kushoto limeulalia mwili wake mwenyewe na la kulia limeelekea ganda. Mwanga unaopenya humo hulifikia jicho la kulia peke yake. Saa chache tu za mwanga wa namna hiyo zinatosha kuzipa pande mbili za ubongo kazi tofauti. Yai likikaa gizani muda wote, kifaranga huanguliwa mzima, hula, hukua, lakini mgawanyo wa kazi ndani ya kichwa chake huwa hafifu.

Mwaka 2004 watafiti Lesley Rogers wa Australia, pamoja na Paolo Zucca na Giorgio Vallortigara wa Italia, walionyesha hasara ya giza hilo. Vifaranga wa mayai yaliyopata mwanga na wa mayai yaliyokaa gizani waliwekwa mahali penye punje zilizotapakaa kati ya vijiwe, na juu yao ukapitishwa mfano wa kipanga. Wale wa mwanga waliendelea kuokota punje huku wakiichunga ile sura iliyokuwa juu. Wale wa giza walivurugikiwa: kadiri jaribio lilivyoendelea ndivyo walivyozidi kudonoa vijiwe.

Iko ngano inayosimuliwa na jamii nyingi za Afrika Mashariki, kwamba kuku aliazima wembe wa mwewe (wengine husema sindano) akaupoteza, ndiyo maana anachakura hadi leo na mwewe anajilipa kwa vifaranga. Waliotunga ngano hiyo walikuwa wamemchunguza kuku vizuri. Walimwona akitafuta chini na kumchunga mdai wake juu, yote kwa wakati mmoja.

Koo anayeatamia hunyanyuka kwa muda mfupi kila siku kwenda kula na kunywa, mwanga ukayapata mayai. Kiota kilichosukumwa uvunguni mwa kitanda, katika chumba kisicho na dirisha, huyanyima mayai hata hicho kidogo. Mashine ya kutotolea isiyo na kioo wala taa ni vivyo hivyo. Kukihamishia kiota mahali penye mwanga hakugharimu hata senti, nao ni ushauri unaostahili kutolewa pamoja na ule wa chanjo ya kideri.

Baada ya jicho inafuata sauti. Kuku wana mlio mmoja wa adui wa ardhini, ule wa kutetea kwa kurudiarudia hadi kupasuka kuwa ukelele, na mwingine wa adui wa angani, mwembamba, wa juu, usiojulikana unatokea wapi. Mwaka 1993 watafiti Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler waliwasikilizisha mitetea milio iliyorekodiwa, bila adui yeyote. Kwa mlio wa angani, mitetea walikimbilia maficho, wakajikunyata na kutazama juu. Kwa mlio wa ardhini walisimama wima wakaangaza pande zote. Jogoo naye hapigi mlio wa angani ovyo: akiwa peke yake mara nyingi hunyamaza, ila akiwa na mtetea karibu hupaza. Basi anayechinja majogoo wote sikukuu na kubakiza majike amekula mlinzi wake.

Na maficho yenyewe yako wapi? Uwanja umefagiwa hadi mchanga unang'aa, michongoma imefyekwa, hakuna hata kichaka cha mchicha. Kifaranga aliyesikia onyo na kulielewa anakimbia hatua ishirini peupe. Usafi wa namna hii ndio unaomlisha mwewe.

Mwewe mwenyewe hafiki kilo moja. Hawezi kumbeba koo mzima. Chakula chake kikubwa ni panya, kumbikumbi, panzi wanaokimbia moto wa shamba, mizoga ya barabarani na mabaki ya sokoni. Katika miji ya pwani lawama nyingi zingemfaa kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ale taka, akageukia mayai na vifaranga. Taka zisizozolewa ndizo zinazomzidisha.

Nyama iliyotiwa sumu, dawa ya wenye hasira, haimchagui mwenye kosa. Huua mbwa, paka, na tumbusi waliokuwa wakitusafishia mizoga bila malipo. Utafiti uliochapishwa Januari 2024, uliotumia hesabu za nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Kenya, ulikuta aina 37 kati ya 42 za ndege wawindaji zimepungua katika miongo michache. Kumwongezea mwewe sumu kwa ajili ya kifaranga ambaye tenga lingemwokoa ni dhuluma.

Zana zipo, tena za bei ndogo: tenga la kuwafunikia vifaranga wiki nne au tano za mwanzo, kibanda cha makuti kisicho na kuta, cha kukimbilia, kanga wawili watatu wenye kelele, utepe wa kaseti unaometameta, uhamishwe mara kwa mara kwa kuwa mwewe huzoea, rangi ya zambarau wanayopakwa vifaranga sehemu za Kenya. Pwani kuna nyavu zilizochakaa zinazotupwa ufukweni zikanasa kasa. Wavu huo ufungwe juu ya ua wa kuku, uvutwe hadi uwambike, maana ukilegea hunasa mabawa ya kuku wenyewe.