Majina ya Waimbaji katika Maktaba ya Muziki ya Nyumbani

Madhumuni ya makala haya mafupi ni kueleza kwa nini nyimbo zilizohifadhiwa katika seva ya nyumbani huonekana kana kwamba zimepotea. Nyumbani kwangu, mtaani Jericho, Nairobi, nyimbo za Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, zilitawanyika chini ya waimbaji watatu: Siti binti Saad, Siti bint Saad na Siti Saad.

Yafaa ikumbukwe kwamba programu ya maktaba haisikilizi wimbo. Husoma maandishi yaliyomo ndani ya faili. Kwayo, tahajia tatu ni watu watatu. Aidha, mfumo wa kwanza wa maandishi hayo, ID3 wa mwaka 1996, ulilitengea jina la wimbo herufi 30 tu; jina refu lilikatwa, pengine katikati ya neno. Mfumo wa pili, wa mwaka 1998, uliondoa kikwazo hicho.

Kwa hiyo uchunguzi ufuate utaratibu. Kwanza, faili lifunguliwe kutoka kompyuta nyingine; lisipofunguka, mtandao ndio wa kuangaliwa. Pili, programu yenyewe iwe na ruhusa ya kusoma folda ya nyimbo. Tatu, maandishi yasahihishwe, kisha programu iamriwe kuyasoma upya.

Lakini tahajia ipi iwe sanifu, mashine haiwezi kuamua. Hiyo ni kazi yetu wanaisimu. Tukiipuuza, sauti itabaki na mwenyewe asijulikane.