Kito Kinachokunywa Maji

Mwenye pete ya opali ya Ethiopia akijisahau akafua nayo nguo, huenda akaanua huku kidoleni amebaki na kitu kama kigae cha chupa. Ule weupe wa maziwa umetoweka, na vimulimuli vyekundu na vya kijani vimezimika. Wengi hukimbilia kwa sonara wakilalamika kwamba wametapeliwa. Kumbe kito ni kizima, ila kimelewa maji.

Opali ya namna hii hutoka zaidi Wollo, kaskazini mwa Ethiopia, karibu na mji wa Wegel Tena, na ilianza kupata jina katika masoko ya vito mwaka 2008. Ndani yake mna vitufe vya silika vidogo mno, vya kipenyo cha nanomita 150 hadi 300 hivi, vilivyopangika kama machungwa gengeni. Mwanga ukipenya katikati yake hugawanyika ukatoa rangi. Nafasi baina ya vitufe zina hewa. Maji yakiingia humo, mwanga hupita bila kupinda sana, kito kikawa angavu na rangi zikafifia. Uzito nao huweza kupanda hata kwa asilimia 10, jambo la kuangaliwa sana na mnunuzi, maana vito huuzwa kwa karati. Opali ya Wollo inunuliwe ikiwa kavu.

Wafanyabiashara wana kipimo chao cha haraka: huigusisha ulimi. Inayokunywa maji hunata.

Basi ushauri wa kuhifadhi opali ndani ya maji au mafuta haufai hapa hata kidogo. Opali nyingi za Australia hazifyonzi kitu, kwa hiyo maji huishia juujuu. Ya Wollo hufyonza kila kinachoigusa. Maji safi hutoka yenyewe, lakini mafuta ya nazi, manukato, hina na povu la sabuni huweza kubaki ndani na kuiacha na umanjano usiotoka. Tabia hiyohiyo ndiyo wanayoitumia wanaotia vito rangi. Opali ya zambarau iliyokolea ni ya kutiliwa shaka.

Iliyolowa iwekwe kivulini juu ya kitambaa cha pamba na isiguswe. Itachukua siku kadhaa, pengine wiki. Kuianika juani au kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele ni kuitafutia nyufa, kwani nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani.

Vumbi lipeperushwe kwanza, ndipo kito kipanguswe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Vumbi huwa na chembe za kwatzi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, na opali haizidi 6.5.

Ukipeleka pete kwa sonara, mtajie mapema kwamba ni opali ya Wollo, kabla hajaitumbukiza kwenye mashine yake ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti. Humo huweza kutoka imepasuka.