Kumtungia mtu wa kweli maneno

Wafratri wanapotayarisha mchezo wa teatre, swali moja linarudi: je, ni halali kumtungia mtu aliyeishi kweli maneno ambayo hatujui kama aliyasema? Kwetu Kisangani swali hili liko karibu. Patrice Lumumba alifanya kazi ya posta hapa, zamani mji ulipoitwa Stanleyville.

Mwaka 1966 Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alitoa mchezo juu ya Lumumba, "Une saison au Congo". Mambo makubwa ni ya kweli. Mazungumzo mengi aliyatunga. Kwa nini watu wanayapenda? Kwa sababu historia inafunga mlango pale tunapotamani kuingia. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Elisabethville, na mwili wake ukayeyushwa kwa asidi. Lilibaki jino, ambalo Ubelgiji ililirudisha mwaka 2022, likapitishwa hata Kisangani. Watu wasio na kaburi wanatafuta sauti. Hamu hiyo ni jamaa ya maombolezo, nasi hatuilaumu.

Lakini tazameni majina. Katika mchezo ule Mobutu anaitwa Mokutu, Kasa-Vubu ni Kala-Lubu, Tshombe ni Tzumbi. Wote watatu walikuwa hai. Lumumba, aliyekufa, anashika jina lake. Na Pauline, mke wake? Naye anashika jina lake, ingawa aliishi mpaka mwaka 2014. Wakubwa walipewa kitambaa cha kujifunika uso, chepesi kweli, maana kila mtu aliwatambua. Mjane hakupewa hata hicho. Kwa maoni yetu, hapo ndipo amri ya nane inapoguswa. Matendo ya mtu wa serkali, aliyoyafanya mbele ya watu, kila mtu aweza kuyasimulia na kuyapima. Maneno ya mke na mume nyumbani ni yao wenyewe, hata tukiwatungia mazuri.

Basi ninyi mnaocheza maisha ya Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964: masista wenzake walikuwapo, wakasikia, wakashuhudia. Maneno yake yashikeni yalivyo. Watu wa njiani wasio na jina watungieni, mradi mseme kabla ya kuanza kwamba mmetunga. Na muuaji? Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II alimsamehe hadharani kwa jina la Kanisa. Mkimgeuza nyama wa pori ili watu wacheke, mnamhukumu tena, na labda mtu wa jamaa yake amekaa benchi ya nyuma.