Gari Lililozaliwa Vitani na Kulelewa Shambani

Katika milima ya Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Mvua hiyo ndiyo iustawishayo mchai, na hiyo hiyo ndiyo iharibuyo njia. Majani yakiisha kuchumwa hayangoji: yakirundikwa kwa muda mrefu hupata joto, hugeuka rangi na kupoteza thamani, hayana budi kufika kiwandani siku ile ile. Wala mgonjwa hawezi kungoja mpaka tope likauke. Ndiyo sababu huthaminiwa sana magari yawezayo kupita mahali pasipo na barabara njema. Lijulikanalo zaidi ni Land Rover, na asili yake ni vita.

Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, la kupita porini likiwa na askari na mizigo yao. Likatokea Jeep. Hata vita vilipokwisha mwaka 1945, kampuni za Willys na Ford zilikuwa zimetengeneza zaidi ya magari 600,000 ya namna hiyo. Mwaka huo huo Willys ilianza kuwauzia wakulima Jeep isiyo ya kijeshi.

Huko Uingereza, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep kuukuu ya jeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey. Alipoona kazi ifanywayo na gari hilo, mwaka 1947 alianza kubuni jingine la kumfaa mkulima. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Uhaba ukageuka faida, maana aluminiamu haishikwi na kutu kama chuma. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili, 1948.

Nguvu za gari hilo si siri. Katika motokaa nyingi injini huzungusha magurudumu mawili tu. Hayo mawili yakiteleza topeni, mengine hayana msaada. Katika Land Rover nguvu hupelekwa mbele na nyuma, hata magurudumu yote manne yakashika ardhi. Tena iko gia ya chini, ambayo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu za kupanda mlima au kuvuta mzigo.

Gari la mkulima halikukaa shambani. Jeshi la Uingereza lililinunua kwa wingi. Katika Kenya lilitumiwa na wenye mashamba, mabwana shamba na maofisa wa Serikali. Na wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, lilichukua polisi na askari. Kwa watu wengi wa siku zile mlio wake ulikuwa wa hofu. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, na KTDA ilipoundwa mwaka 1964 kusimamia chai ya wakulima wadogo, haja ya kufika vijijini ndani ilizidi, na magari ya namna hii yakapata kazi nyingine.

Land Rover ya umbo lile la kale ilikoma kutengenezwa tarehe 29 Januari, 2016, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 2. Ndugu yake wa Japani, aliyeanza mwaka 1951 kwa kufuata Jeep na kuitwa Land Cruiser mwaka 1954, angali akitengenezwa.

Hata hivyo, msomaji na akumbuke jambo moja. Magurudumu manne humsaidia dereva kwenda, hayamsaidii kusimama. Katika mteremko wenye udongo uliolowa, gari hili huteleza kama jingine lolote. Dereva mwenye busara hutia gia ya chini kabla ya kuingia topeni, naye huenda polepole. Asiye na busara, gari hili litamfikisha mbali zaidi kabla hajakwama, na huko watu wa kumsukuma ni wachache.