Je, Wajua? Kufunga Daftari ni Kusoma

Anayerudia kusoma notisi hujiamini zaidi kuliko anayejipima, lakini wiki ikipita husahau zaidi!

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu kimoja. Waliokisoma vipindi vinne walikumbuka asilimia 40 baada ya wiki. Waliokisoma kipindi kimoja tu, kisha wakajipima mara tatu bila kuchungulia, walikumbuka 61.

Kwa hiyo mtahiniwa wa kidato cha nne pale Kayanga au Nkwenda, mkoani Kagera, akishamaliza notisi za historia, afunge daftari. Achukue karatasi tupu aandike anachokumbuka kuhusu ufalme wa Karagwe: ikulu ya Bweranyange, Mfalme Rumanyika, wapelelezi Speke na Grant kuwasili 1861. Kisha afungue daftari, ajaze mapengo kwa kalamu nyekundu. Penye wekundu ndipo pa kuanzia kesho. Karatasi hiyo moja ina faida zaidi kuliko kurasa kumi za kupigia mistari.

Maswali ya hesabu nayo yachanganywe aina. Katika jaribio la watafiti Rohrer na Taylor, 2007, waliofanya maswali ya aina moja mfululizo waling'ara siku ya mazoezi. Wiki iliyofuata walipata asilimia 20, waliochanganya, 63.

Na kukesha usiku wa kuamkia mtihani? Hapana, tafadhali. Ubongo huimarisha yaliyosomwa mwanafunzi akiwa usingizini.