Kilindi Kilipotulia, Ziwa Victoria Likakauka

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na Mmarekani Thomas Johnson, wakiwemo wataalamu wa Uganda, walizamisha mabomba marefu kwenye sakafu ya Ziwa Victoria na kuyatoa yakiwa yamejaa tope. Juu lilikuwa tope laini la ziwa, kama walivyotarajia. Chini yake walikuta udongo mgumu ulioshikamana, wenye mabaki ya vijizizi vya mimea. Mizizi haioti gizani chini ya maji mengi kiasi kile. Pale palikuwa nchi kavu. Vipimo vya mawimbi ya sauti vilionyesha kuwa ukavu huo ulifika hadi sehemu za kina kirefu kabisa. Kama miaka 17,000 iliyopita, mtu aliyeanzia ilipo Mwanza leo angeweza kwenda kwa miguu hadi ilipo Entebbe.

Ziwa la kilometa za mraba 68,000 na ushei lilikwenda wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko mbali mno, katika Atlantiki ya Kaskazini, kwenye maji baridi baina ya Kanada, Greenland na Norway. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua vizuri mikondo ya juu ya bahari, ile inayofuata pepo za kusi na kaskazi. Mikondo ya kilindini ni habari nyingine, kwani inategemea zaidi uzito wa maji yenyewe. Maji ya moto yenye chumvi nyingi hutoka tropiki kwenda kaskazini, na njiani huiachia hewa joto lake, ambalo pepo za magharibi hulipeleka Ulaya. Yakishapoa, ubaridi na chumvi huyafanya mazito, yakazama kilometa mbili au tatu, kisha yakarudi kusini yakiambaa na Amerika hadi karibu na Antaktika. Huko husambaa, mengine yakiingia Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mzunguko mzima huchukua takriban miaka 1,000. Mto Amazon humwaga baharini meta za ujazo laki mbili hivi kila sekunde. Mkondo huu wa Atlantiki hubeba kama milioni 17.

Nguvu hiyo yote inategemea chumvi, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Barafu nyingi ikiyeyuka kaskazini, maji yasiyo na chumvi hutanda juu ya bahari. Hata yakipoa namna gani, ni mepesi mno kuzama, na mkondo hupungua nguvu.

Jambo hilo limewahi kutokea, tena mara kadhaa. Mwaka 1988 mwanajiolojia Mjerumani Hartmut Heinrich alitangaza kwamba ndani ya matope laini ya Atlantiki kuna tabaka zilizojaa chembe za mawe. Mawe hayasafiri yenyewe hadi katikati ya bahari. Yaling'olewa na barafu nene iliyofunika Kanada, yakabebwa na majabali ya barafu yaliyomeguka na kuelea hadi yalipoyeyuka na kuyaangusha. Mengi ni mawe ya chokaa kutoka upande wa Hudson Bay. Mafuriko sita ya barafu ya namna hiyo yanajulikana katika kipindi cha mwisho cha barafu, na ya karibuni zaidi yalitokea wakati ule ule Ziwa Victoria likiwa kavu.

Lakini mtu ataupimaje mwendo wa mkondo uliokufa zamani hizo? Njia waliyoitumia watafiti ni ya kustaajabisha. Maji yote ya bahari yana urani kidogo, nayo ikioza huzaa thoriamu na protaktini kwa kiwango kisichobadilika. Thoriamu hunata haraka kwenye chembe zinazozama, ikafika sakafuni ndani ya miongo michache. Protaktini hukawia majini hata zaidi ya miaka 100, hivyo mkondo ukiwa hai huichukua na kwenda nayo kusini, na matope ya kaskazini hubaki na upungufu wake. Mkondo ukisimama, vyote viwili huanguka pale pale vilipozaliwa. Mwaka 2004 Jerry McManus na wenzake walichapisha vipimo vya matope yaliyotolewa karibu na Bermuda, kwenye kina cha zaidi ya kilometa nne. Katika tabaka za miaka kama 17,500 iliyopita, upungufu wa protaktini ulikuwa karibu umetoweka. Mkondo ulikuwa umekaribia kusimama kabisa.

Baadaye ukafufuka, na kama miaka 12,900 iliyopita ukadhoofika tena, ingawa si kwa kiasi kile. Dunia ilikuwa tayari inatoka kwenye zama za barafu, lakini Ulaya na Greenland zikarudishwa kwenye baridi kali kwa zaidi ya miaka 1,000. Barafu ya Greenland, iliyochimbwa kwa kina cha kilometa tatu na wachimbaji wa Ulaya na wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, inaonyesha jinsi baridi hiyo ilivyokoma miaka 11,700 iliyopita: joto la huko lilipanda nyuzi 10 hivi ndani ya miongo michache tu. Mtoto aliyezaliwa wakati huo angezeekea katika hali ya hewa nyingine kabisa. Barafu ya Antaktika nayo inasimulia kinyume chake, maana kila kaskazini ilipopoa, kusini ilijipasha joto polepole. Joto lililokosa wa kulibeba kwenda kaskazini lilibaki upande wa kusini. Wallace Broecker wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyefariki mwaka 2019, ndiye aliyeshikilia tangu miaka ya 1980 kwamba mikondo ndiyo ufunguo wa mageuzi haya ya ghafla.

Mkono wa Atlantiki ulifikaje Afrika Mashariki? Kaskazini ilipopoa, ukanda wa mvua wa tropiki ulisukumwa kusini na monsuni zikadhoofika, kuanzia Afrika hadi Asia. Magharibi mwa Bahari ya Hindi nako kulipoa, na bahari iliyopoa hutoa mvuke mchache. Ziwa Victoria lina kina cha mita 80 hivi tu, na maji yake mengi huyapata kwa mvua inayonyesha juu yake lenyewe, kisha huyapoteza kwa jua. Mvua ikikosekana kwa karne nyingi, halina akiba. Nile Nyeupe nayo ilikatika kutoka kwenye chanzo chake kikuu, hadi ziwa lilipojaa tena kati ya miaka 15,000 na 14,000 iliyopita, baada ya mkondo kurudi.

Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, halikukauka, na ndiyo sababu kumbukumbu yake ni ndefu zaidi. Mwaka 2008 Jessica Tierney na wenzake walisoma humo miaka 60,000 ya mvua kwa kupima nta ya majani ya kale iliyozama matopeni, kwani hidrojeni iliyo ndani ya nta hubeba alama ya mvua iliyonywewa na mmea. Vipindi vya mafuriko ya barafu ya Atlantiki vilijitokeza humo kama vipindi vya ukame.

Leo Kanada haina tena barafu ile nene, kwa hiyo yaliyopita hayawezi kujirudia vilevile. Lakini tangu mwaka 2002 Greenland imekuwa ikipoteza kwa wastani zaidi ya tani bilioni 200 za barafu kila mwaka. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilisema mwaka 2021 kwamba mkondo huu utadhoofika katika karne hii, na kwamba kuporomoka ghafla kabla ya mwaka 2100 hakutarajiwi, ingawa hakuwezi kufutwa kabisa. Mjadala huo hutawaliwa na hofu ya Ulaya kupoa. Hilo ni kosa kubwa. Kwa Mwanza, Kisumu na Jinja swali lenye uzito ni mvua, na vipimo vya mkondo huo, vinavyochukuliwa mfululizo tangu mwaka 2004 kutoka Bahamas hadi pwani ya Afrika, vinawahusu wakulima na wavuvi wa huku moja kwa moja. Na kuhusu mvua hiyo bado kuna mengi ya kusoma: mashapo ya Tanganyika yana unene wa kilometa kadhaa, na yaliyosomwa hadi sasa ni mita chache tu za juu.